Nilikataa Sindano kwa Masaa 7, Halafu Nikawasingizia Manesi

Jamani, hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Leo naituma hivyo hivyo, mnihukumu mtakavyo. Sitamtaja mtu humu, hospitali nayo sitaitaja, maana mwenye kosa ni mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta vois noti ya dakika tatu WhatsApp. Ni mdada mmoja tunayefahamiana pale saluni ninapofanyia kazi, huku Segerea. Ana mimba ya wiki 29. Presha imempanda, wamemlaza, na daktari kamwambia huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati. Wanataka kumchoma zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Anaongea kwa kunong'ona, nadhani asisikike wodini. Anasema: "Dada, nimewaambia wasubiri kwanza. Si wewe ulisema wewe zilichelewa, hazikumsaidia kitu mwanao mpaka akawekwa kwenye mashine? Nishauri, nifanyeje?"

Nilikaa kitandani nikaganda. Ni kweli nilisema hivyo. Na nilichosema kilikuwa uongo.

Tuanzie mwanzo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Jumatatu moja jioni nimesimama namsuka mteja rasta, nikahisi maji ya moto yanashuka miguuni. Nikaona aibu, nikajua mkojo umenitoka. Mteja wangu, mama mtu mzima, akageuka akaangalia sakafu, akaniambia, "Mwanangu, huo si mkojo. Hiyo chupa imepasuka. Muite bajaji sasa hivi." Rasta zake zilibaki nusu kichwa, wala hakulalamika.

Kituo cha afya waliniangalia wakaandika rufaa, nikapandishwa gari la wagonjwa. Kwa mara ya kwanza maishani nikapita Tabata bila foleni, na sikuifurahia. Saa 4 usiku nikawa kwenye leba ya hospitali kubwa.

Daktari kijana akanipima. Akachukua kadi yangu ya kliniki na karatasi ya utrasaundi niliyopiga mimba ikiwa changa, akahesabu: wiki 30 na siku 2. Akanieleza vizuri tu. Mtoto anaweza kuja muda wowote, saa yoyote. Watanipa antibayotiki kwa sababu maji yameshapasuka na vijidudu vinaweza kupanda juu. Na watanichoma sindano za kusaidia mapafu ya mtoto, 4, moja kila baada ya masaa 12.

Nikauliza ni dawa gani. Nesi akajibu huku anavuta dawa kwenye bomba: "Deksamethasoni."

Nyie, moyo ulinilipuka. Deksa?

Kama unaishi Dar na uliwahi kutamani shepu, deksa unaijua. Ndo vile vidonge vidogo vinavyouzwa kimya kimya kama dawa ya kunenepa. Kuna mdada mmoja mwenye wafuasi kibao Instagram alikuwa anasukuma pakiti zake, ukimuuliza zina nini anakwambia ni mitishamba. Mwenzangu mmoja pale saluni alizitumia miezi. Mwanzo tulimsifia, mwili ulikuja kweli. Baadaye uso ukawa duara, tumbo likatoka, miguu ikabaki vile vile myembamba. Sukari ikapanda, presha ikapanda. Alipoogopa akaacha ghafla, na siku ya tatu akadondoka mbele ya kioo na chanuo mkononi. Huko alikolazwa walimwambia zilikuwa ni steroidi. Mwili wake ulikuwa umezoea kuletewa homoni kutoka nje, ukasahau kutengeneza ya kwake.

Mimi ndiye niliyemuokota pale sakafuni. Sasa leo nimelala leba, na mtu anataka kunichoma jina lile lile ili limfikie mwanangu tumboni?

Nikasema sitaki.

Nesi akajaribu kunieleza, sikumsikiliza. Nikampigia mume wangu, alikuwa safarini Morogoro na gari la mizigo. Nikamwambia, "Wanataka kunichoma deksa, ile iliyomuua nusu yule mwenzetu." Ulitegemea atasema nini? Akasema, "Wasikuchome kitu mpaka nifike." Kwa hiyo hata hilo la mume si kisingizio. Alisema nilichomlisha.

Nesi akaandika kwenye faili kwamba mama amekataa. Nikasaini. Saa 6 usiku akarudi, "Mama, bado?" Nikageukia ukutani. Saa 8 usiku akarudi tena. Nikajifanya nimelala.

Saa 11 alfajiri akaja mwingine, nesi mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Nadhani alikuwa anamalizia zamu. Akavuta stuli akakaa. Hakunifokea. Akaniuliza tu, "Unaogopa nini, mama?"

Nikamwambia yote, na vidonge, na sakafu ya saluni.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Hujakosea. Dawa ni hiyo hiyo." Nikashtuka, nilitegemea atakataa. Akaendelea, "Chumvi ni chumvi. Lakini kijiko kwenye mchuzi na gunia kwenye mchuzi ni sawa? Mwenzako alikula kila siku miezi mizima, hakuna aliyempima. Hii ni miligramu 6 mara 4. Inaisha ndani ya siku mbili, na hapa tunakuangalia."

Nikamuuliza inamfanya nini mtoto. Akasema, "Unaikumbuka mifuko ya rambo, kabla haijapigwa marufuku?" Naikumbuka, ilipigwa marufuku mwaka 2019. "Ukiulowesha ndani ukaukandamiza, pande mbili zinanatana. Ukitaka kuufungua unapuliza mpaka mashavu yanauma. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa kama hivyo, maelfu kwa maelfu. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana utelezi fulani humo ndani, vifuko havinatani. Njiti utelezi wake bado haujatosha. Kila akivuta pumzi anafungua rambo lililonatana, akitoa linanata tena. Anachoka. Wengine wanachoka mpaka wanakata tamaa. Hii sindano inapita kwenye kondo la nyuma, inayaambia mapafu yaharakishe kutengeneza ule utelezi."

"Na mimi itanifanya nini?"

"Sukari yako inaweza kupanda siku chache. Ndiyo maana tulikuuliza kama una kisukari."

"Na akizaliwa leo?"

Hapo akavua miwani. "Kila saa inayopita ikiwa ndani inamsaidia. Lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikishatimiza siku nzima. Ndiyo maana tulikufuata tangu saa 4 usiku."

Nikampa paja.

Sindano ya kwanza nilichomwa Jumanne saa 11 alfajiri. Ya pili saa 11 jioni. Ya tatu nilitakiwa nichomwe Jumatano alfajiri. Mwanangu hakuisubiri. Alizaliwa saa 8 usiku, kilo 1 na gramu 350.

Hesabu hii naijua kuliko namba yangu ya simu. Kutoka sindano ya kwanza mpaka kuzaliwa kwake ni masaa 21. Ningekubali mwanzoni kabisa, yangekuwa 28, na angekuwa amepata sindano tatu badala ya mbili. Siku nzima ingetimia na chenji ikabaki. Masaa 7 niliyatumia kuangalia ukuta.

Alilia, lakini kama paka aliyefungiwa kabatini. Kila pumzi alikuwa anatoa sauti ya kuguna, kifua kinabonyea chini ya mbavu. Wakampeleka kwenye wodi ya watoto wachanga, wakamuweka kwenye ile mashine inayosukuma hewa puani. Siku 6. Maziwa alipewa kwa mpira mwembamba unaopita puani, mimi nakamua kwenye kikombe, tone kwa tone. Alipotoka kwenye mashine nikafundishwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kangaroo, mchana na usiku, kama nimerudishiwa mimba kwa nje. Tulikaa wiki 5.

Kitanda cha jirani yangu alikuwepo mama mmoja aliyetoka mbali. Alifika mtoto ameshaanza kutoka, muda wa sindano haukuwepo kabisa. Wake alikuwa na uzito karibu sawa na wangu. Aliishi siku mbili. Siku anaondoka, anakunja kanga zake, alinishika bega akasema, "Wewe mwenzangu angalau sindano ulizipata. Mshukuru Mungu."

Hakujua. Nikamjibu, "Amina."

Sasa uongo wenyewe ulizaliwa hivi. Mama mkwe alifika siku ya tatu, amebeba chupa ya uji. Akasimama kwenye kioo akamwangalia mjukuu wake na mipira puani. Akaniuliza, "Mbona yuko hivi? Si nasikia siku hizi kuna sindano za mapafu?" Nilikuwa sijalala siku tatu. Mdomo ukajibu wenyewe: "Walichelewa kunichoma, mama."

Basi. Maneno matatu.

Mama mkwe akamwambia wifi. Wifi akawaambia majirani. Nilivyorudi saluni kila mteja ananipa pole na kuwalaani manesi. Ningesahihisha vipi? Kila siku iliyopita uongo ulizidi kunenepa, na huo haukuhitaji deksa. Mwaka jana tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, nikaposti picha ya mwanangu akiwa na kilo 1 na nusu, pembeni yake anavyokimbia sasa hivi. Nikaandika kwamba amepona japo sindano zilicheleweshwa. Watu walifurika. Matusi kwa manesi, we acha tu. Mmoja akaandika, "Mimi ni nesi, samahani sana dada kwa niaba ya wenzangu."

Nikampa alama ya moyo. Nilimpa moyo mtu aliyeniomba msamaha kwa kosa langu.

Kwa hiyo mnaelewa niliposikia ile vois noti. Uongo wangu ulikuwa umetembea mpaka umefika kwenye kitanda cha mtu mwingine, na yeye sasa anaangalia ukuta kama mimi.

Sikuandika meseji. Nilipiga. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Hawakunichelewesha, nilikataa mimi. Walinifuata mara tatu usiku." Kimya. Halafu akauliza, "Una uhakika hizo sindano zinasaidia au unaniambia tu kwa sababu unajisikia vibaya?"

Swali zuri. Bahati nzuri nilikuwa na jibu, maana miaka miwili hii nimekuwa nasoma habari hizi usiku badala ya kulala. Nilichomwambia ni hiki.

Mwaka 1963, Agosti, Rais wa Marekani John F. Kennedy alipata mtoto wa kiume aliyezaliwa wiki tano na ushee kabla ya wakati. Patrick. Alikuwa na kilo 2 na kidogo, mkubwa kuliko wangu. Baba yake alikuwa na uwezo wa kuita daktari yeyote duniani. Mtoto aliishi masaa 39, mapafu yakamshinda. Dawa haikuwepo.

Miaka hiyo hiyo, New Zealand, kulikuwa na daktari anaitwa Graham Liggins. Alikuwa anafanya utafiti kwa kondoo, anatafuta kitu gani kinaanzisha uchungu. Akawachoma vitoto tumboni hizi homoni. Kikazaliwa kitoto kabla sana ya wakati, kwa hesabu kilitakiwa kife haraka, lakini kikawa kinapumua. Alipoangalia mapafu akakuta yamejaa hewa kiasi. Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa kina mama, wakatoa majibu mwaka 1972: watoto wa waliochomwa walipata shida ya kupumua kidogo kuliko wengine, na vifo vilipungua.

Na unajua nini? Madaktari wengi duniani nao waligoma. Marekani ilifika 1994 ndo jopo la wataalamu likatoka rasmi na kusema kina mama hawa wachomwe. Miaka 22. Mimi niliangalia ukuta masaa 7.

Akaniuliza kuhusu huku kwetu Afrika. Nikamwambia ukweli wote, na ule usiopendeza. Mwaka 2015 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo. Walizisambaza sindano hizi mpaka kwenye vituo vidogo. Wengi waliochomwa kumbe hawakuwa wanazaa njiti, na huduma ya kichanga sehemu nyingi ilikuwa haba. Vifo vya watoto kwa ujumla vikaongezeka, na maambukizi kwa kina mama yakaongezeka. Watu wakaogopa, na walikuwa na haki.

Ndipo Shirika la Afya Duniani likarudia upya, hospitalini tu, kwenye hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Kina mama 2,852. Wiki zilihesabiwa kwa utrasaundi, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kuhudumia kichanga. Dawa ilikuwa deksamethasoni, miligramu 6 kila masaa 12, sindano zisizidi 4. Majibu yalitoka mwaka 2020. Kati ya watoto waliozaliwa hai ambao mama zao walichomwa maji matupu, 23.5 kati ya 100 walikufa kabla ya siku 28. Waliochomwa dawa, 19.6. Kila wanawake 25 wanaochomwa, anaokoka mtoto mmoja. Walisimamisha utafiti kabla ya kufika mwisho waliopanga, kwa sababu faida ilishaonekana.

"Kwa hiyo si muujiza," akasema.

Si muujiza. Mwanangu alichomwa na bado alikaa kwenye mashine siku 6. Sitajua kamwe kama zingekuwa 3. Labda zingekuwa 6 zile zile. Lakini ningeijua nafsi yangu imelala upande gani.

Akasema, "Ngoja nimuite sista." Simu ikakatika.

Alimaliza sindano zote 4. Mpaka naandika hapa bado yuko wodini, presha wanaisukuma na dawa, mtoto bado yuko ndani. Wiki 30 sasa. Mwombeeni.

Wadada zangu, mimi si daktari, ni msusi. Lakini haya yashikeni. Kliniki anza mapema na utrasaundi ya mwanzo usiiruke, maana bila kujua wiki zako sawasawa hakuna anayeweza kuamua vizuri. Wanaolengwa hasa ni wa kati ya wiki 24 na 34 ambao mtoto anakaribia kuja. Ukiona maji, damu, uchungu, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, usisubiri kupambazuke. Ukifika, uliza wewe mwenyewe kuhusu sindano za mapafu. Una haki ya kuuliza mpaka uelewe, lakini uliza saa hiyo hiyo, usigeukie ukutani. Na tafadhali, usiende kujinunulia duka la dawa eti unajiwahi. Hii ni ya hospitali, penye mtu wa kukupima wewe na kumpokea mtoto. Na zile pakiti za shepu za Instagram, mnajua nitasema nini.

Kuna mtu mmoja nilibakiza. Juzi Jumapili nilimfuata mama mkwe, anachambua mchele uani, mwanangu anamchezea kanga. Nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mama, ile habari ya manesi kuchelewa, nilikudanganya. Ni mimi niliyekataa."

Hakuinua uso. Akaendelea kutoa mawe kwenye ungo, moja moja. Nikadhani hatanijibu kabisa. Halafu akasema, "Basi na wale wengine uliowaambia, uwaambie."

Ndo hivi nawaambia.